Teke la namba 2, kadi ya namba 13

Tangu Leopards wa Kongo waitoe Nigeria kwa penalti katika mchujo wa Kombe la Dunia mjini Rabat, Novemba 16, 2025, mwaka 1974 umerudi vinywani mwa watu. Ndio mwaka ambao Kongo, enzi hizo Zaire, ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Na ukitajwa tu, kinachotangulia ni kicheko: yule beki aliyechomoka ukutani na kuutandika mpira wa adhabu wa Brazil kabla Wabrazili wenyewe hawajaugusa.

Mzee aliyetuchezesha mpira Nyangwe tulipokuwa watoto hakicheki kisa hicho. Kwake yeye kabla ya kituko kile kuna deni, nalo ni kadi nyekundu aliyopewa mtu asiyehusika.

Vitabu vinaijua Nyangwe kwa mambo mengine: soko lake la ukingoni mwa Lualaba, mauaji ambayo msafiri Livingstone aliyashuhudia hapo Julai 15, 1871, na misafara ya waungwana iliyotuachia Kiswahili tunachosema. Sisi tuliijua kwa kiwanja. Timu moja ilivaa mashati, nyingine ilivua. Jezi hazikuwapo, namba hazikuwapo, wala kadi. Aliyemwingilia mwenzake kwa nyuma au kwa miguu miwili aliitwa kwa jina lake na la baba yake, akaonyeshwa mwembe, akakae chini yake mpaka mpira uishe. Mzee alikuwa na sheria moja ambayo haimo katika kitabu cha FIFA: kwanza jina, halafu kosa. Kama hakumwona vizuri aliyecheza rafu, hakumtoa mtu.

Kadi zenyewe zilizaliwa kwa sababu watu hawakuelewana. Mwaka 1966 pale Wembley, refa Mjerumani Rudolf Kreitlein alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, naye akagoma kutoka, kila mmoja akisema lugha yake. Mwingereza Ken Aston, aliyesimamia marefa wa mashindano yale, alikuwa njiani na gari lake pale taa za barabarani zilipompa wazo: njano ni onyo, nyekundu ni simama. Kadi zikaanza kutumika Mexico mwaka 1970, lakini nyekundu haikutoka mfukoni hata mara moja. Ilingoja Ujerumani Magharibi, Juni 14, 1974, alipoonyeshwa Carlos Caszely wa Chile.

Siku hiyohiyo Zaire ilifungua mashindano yake Dortmund kwa kufungwa na Scotland 2-0. Si aibu kwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Aibu ilikuwa nje ya uwanja. Mwepu Ilunga, beki wa kulia kutoka Lubumbashi, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba baada ya mechi ile wachezaji waligundua fedha walizoahidiwa hazipo. Wakataka kugoma. Wakashawishiwa, wakaingia uwanjani mioyo ikiwa imebaki hotelini.

Juni 18, Gelsenkirchen, wakakutana na Yugoslavia. Dakika ya 8, bao. Ya 14, la pili. Ya 18, la tatu. Kocha Blagoje Vidinić, mwenyewe mtu wa Yugoslavia, akamtoa kipa Kazadi Mwamba na kumwingiza Tubilandu Ndimbi. Kazi ya kwanza ya Tubilandu ikawa kuokota mpira wavuni: Katalinski alikuwa amefunga la nne. Wazaire wakamzunguka refa, Omar Delgado wa Colombia, wakilia kwamba ni kuotea. Katika msongamano ule refa akapigwa teke kwa nyuma. Akageuka, akatafuta uso wa kumbebesha, akamwonyesha nyekundu Ndaye Mulamba.

Aliyepiga teke ni Mwepu, na mwenyewe alikiri baadaye. Mwepu alivaa namba 2, beki. Ndaye alivaa namba 13, mshambuliaji. Hapo ndipo mzee wetu hunyanyua kidole: “Namba ilikuwa mgongoni. Mtu unamtoa kwa namba, humtoi kwa kukisia.” Wakati huo kukata rufaa kwa refa kulikuwa sawa na kukata rufaa kwa mvua. Ndaye akatoka dakika ya 22, Mwafrika wa kwanza kuonyeshwa kadi nyekundu Kombe la Dunia. Wenzake kumi wakafika mapumziko wakiwa nyuma 6-0, wakamaliza 9-0.

Sasa fuata hesabu ya mzee. Kwa kuwa kadi ilimwangukia Ndaye, Ndaye hakucheza na Brazil Juni 22. Kwa kuwa Mwepu alinusurika, Mwepu alicheza. Wachezaji, kwa maelezo ya Mwepu, walikuwa wameonywa na watu wa Rais Mobutu kwamba wakifungwa zaidi ya mabao matatu wasifikirie kurudi nyumbani. Mechi ikielekea mwisho, Brazil ikiongoza, ikapata mpira wa adhabu karibu na lango. Mwepu akatoka ukutani mbio, akaupiga mpira mbali. Refa Nicolae Rainea wa Romania akampa njano. Dunia ikacheka: hawa hata sheria hawazijui! Mwepu alikuja kusema kwamba sheria alizijua vizuri, kwamba alitaka atolewe, maana hakuona sababu ya kuendelea kuumia kwa ajili ya wakubwa wanaokula fedha zao.

Kwa hiyo Delgado angesoma namba siku nne kabla, kituko kile kisingekuwapo. Aliyestahili nyekundu akaishia kupewa njano, na asiyestahili chochote akapewa nyekundu.

Na huyo asiyestahili alikuwa nani? Miezi mitatu tu kabla, Machi 1974 nchini Misri, Ndaye alifunga mabao 9 katika michuano moja ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Fainali na Zambia iliisha 2-2, yote mawili yake. Ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0, yote mawili yake tena. Rekodi ile haijavunjwa hadi leo. Mashabiki wa AS Vita Club walimwita Mutumbula, jina la yule mteka-watu wa hadithi za usiku.

Maisha hayakumlipa. Mwaka 1994 CAF ilimheshimu huko Tunisia. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha waliodhani amekuja na fedha walimvamia na kumpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi kama mkimbizi. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea: habari zilisema amefia mgodini Angola. Alikuwa hai. Mara ya pili jina lake likawekwa mahali pasipo pake. Alifariki kweli Januari 2019, Johannesburg. Mwepu alikuwa ametangulia mwaka 2015, Kinshasa.

Sheria zimesogea tangu hapo. Kuanzia mwaka 1998, kumwingilia mtu kwa nyuma kwa namna ya kumhatarisha ni nyekundu moja kwa moja. Mwaka 2014 nchini England, refa Andre Marriner alimtoa Kieran Gibbs wa Arsenal kwa mpira ulioshikwa na Alex Oxlade-Chamberlain. Marriner aliomba radhi, na baada ya siku chache kadi ikafutwa. Video ya kumsaidia refa, VAR, ilipoingia Kombe la Dunia mwaka 2018, ilipewa mambo manne ya kuangalia: bao, penalti, nyekundu ya moja kwa moja, na la nne, mtu aliyeadhibiwa kwa kosa la mwingine. Miaka 44 baada ya Gelsenkirchen.

Huku kwetu teknolojia ni hadithi ya redioni. Maniema Union ya Kindu ilipofika makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024/25, mechi zake za nyumbani ilizichezea Kinshasa. Kama mji mkuu wa jimbo letu haukuwa na uwanja wa kumpokea mgeni, Kasongo, Kabambare na Nyangwe waseme nini? Vijana wetu bado wanachuniana miguu kwenye vumbi, na refa bado anategemea macho yake na heshima ya watu.

Mzee hana hasira na Delgado. Hasira yake ni kwetu, tunaokumbuka kituko na kumsahau mtu. Ukimwuliza 1974 ilikuwaje, anajibu neno moja: “Tisa.” Anakuacha ucheke mabao ya Yugoslavia. Kisha anakuuliza: “Umecheka tisa zipi?”