Tonge na Ukwaju: Historia ya Chachandu ya Usukumani

Wafanyabiashara wa Kiarabu walipolitia tunda la mkwaju katika bidhaa zao walilipa jina la tamr hindi, yaani tende ya Hindi, na kutokana na jina hilo lugha kadhaa za Ulaya zikapata majina yao. Jina zuri, lakini limekosea kwao. Wataalamu wa mimea wanaihesabu Afrika ya kitropiki kuwa ndiyo asili ya mkwaju, nao ulivuka bahari zamani mno, hata Wahindi wakauona kuwa ni mti wao. Kisha ladha yake ikarejea katika pwani ya Waswahili kama mgeni, ndani ya bakuli la chatne, na chatne yenyewe ni neno lililozaliwa na kitenzi cha Kihindi chenye maana ya kulamba. Aliye Mkwajuni, Kaskazini Unguja, na aliye Usukumani hawakuhitaji kuletewa habari za mti huo. Wasukuma tunda hilo huliita bushishi.

Msomaji wa pwani aliyezoea kuchovya sambusa au kachori katika ukwaju atashangaa kidogo akifika Shinyanga. Huko kinachochovywa kwanza ni tonge. Ugali wa mtama au uwele, na baadaye wa mahindi, hufinyangwa kwa vidole hata ukawa duara, hubonyezwa kwa dole gumba, kisha huchota. Wachina nao huchovya vidonge vyao vya unga vilivyopikwa kwa mvuke katika siki na soya kwa sababu ile ile: unga uliopikwa kwa maji matupu hauna ukali wowote, nao unadai uchachu wa kuuamsha. Usukumani uchachu huo hutoka katika maziwa ya mgando au katika ukwaju. Ziko pia michembe, ambayo ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani, na matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kukaushwa. Hivyo huliwa vikavu au vikachemshwa tena, na aghalabu karanga haziwi mbali.

Lakini bakuli lenyewe ni la mchanganyiko kuliko linavyojidai. Karanga, pilipili, nyanya, viazi vitamu na mahindi, vyote asili yake ni Amerika, na vilianza kuvuka bahari kuja upande huu baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Basi mwenyeji wa kale katika mchuzi huu ni ukwaju, pamoja na chumvi. Nayo chumvi ina historia yake ya jasho. Wanaume wa Kisukuma walikuwa wakifunga misafara kwenda kwa miguu hadi Ziwa Eyasi, siku nyingi za kiu na hofu ya simba, wakarejea na mizigo ya chumvi ya magadi ya ziwa. Misafara hiyo iliandikiwa makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1938, wakati chumvi ya dukani ilikuwa tayari imeanza kuipunguzia maana.

Duka hilo lililetwa na reli. Njia ya Tabora hadi Mwanza, inayopita Shinyanga, ilikamilika mwaka 1928, miaka 70 baada ya Speke kupita nchi hiyo kwa miguu, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, na kuliona ziwa kubwa mnamo Agosti 1858. Kwa reli wakaja wachuuzi wa Kihindi na pamba ikapata njia ya kutokea. Majikoni mwao chatne ilikuwa jambo la kila siku. Mwaka 1940 John Williamson akagundua almasi Mwadui, na wafanyakazi wa makabila mbalimbali wakakusanyika mahali pamoja. Hapo ukwaju wa nyumbani na chatne ya dukani vikakutana. Jina la chachandu, linalotumika leo Tanzania Bara kwa mchuzi wowote mkali wa kuchovya, limevifunika vyote viwili, na si haki kusema kwamba kimoja ni mtoto wa kingine.

Mti wenyewe ulikaribia kukosa mahali pa kusimama. Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Vichaka vilifyekwa kwa nguvu za wananchi ili mbung'o wakose kivuli na ng'ombe wapate malisho. Ng'ombe waliongezeka. Pamba nayo ikadai ardhi, kuni zikadai miti, na vijiji vya miaka ya 1970 vikawahamisha watu kutoka katika maeneo waliyokuwa wakiyatunza wenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliitaja Shinyanga kuwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Hekima ya mradi huo ni kwamba haukuja na miche peke yake. Uliifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya ardhi wakati wa mvua, ili nyasi na miti vipumue, na kuifungua kiangazi kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Kufikia mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto, na mwaka 2002 kazi hiyo ilikuwa imetunukiwa tuzo ya kimataifa ya Equator. Wahesabuji wa hekta hawakuhesabu mabakuli. Lakini pasipo mti wa porini hapana tunda la kuokota bila kulinunua.

Magharibi, upande wa Geita, adui ni mwingine. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012. Pembezoni mwa migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Mgusu na Rwamagasa, na kila penye wachimbaji pana mama lishe mwenye mihogo ya kukaanga, mishikaki na chupa ya chachandu. Wachimbaji hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki iruke mvuke. Wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa waliofanya kazi Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta watu wakifanya hivyo karibu na makazi, pasipo kinga. Mvuke wa zebaki hauonekani wala hauna harufu. Chombo kilichotumika kwa kazi hiyo hakifai tena kukaribia chakula, hata kikisuguliwa namna gani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Namna ya kuitengeneza haina siri. Ukwaju ulioiva, kiasi cha ngumi moja, humenywa na kurowekwa katika vikombe viwili vya maji ya moto kwa nusu saa, ukakandwa kwa vidole, kisha kokwa na nyuzi zikachujwa. Pilipili na nyanya huchomwa juu ya makaa mpaka ngozi ziungue, zikatwangwa pamoja na kitunguu saumu na chumvi. Vyote huchemshwa kwa moto mdogo hata mchuzi ushike kijiko. Mpishi wa pwani hapa angetia sukari au tende. Wa Shinyanga hutia karanga zilizokaangwa na kusagwa, kijiko kimoja baada ya kingine, akikoroga ili zisifanye madonge. Chungu kinafaa kuliko sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi ya ukwaju huila alumini. Ndiyo asidi ile ile ambayo kina mama wa pwani huitumia kung'arishia shaba. Ukishapoa, hutiwa katika chupa ya kioo. Wenye karanga uliwe upesi, na usio na karanga hustahimili siku kadhaa.