Msongamano, Hewa na Saa ya Miadi: Kliniki za Wagonjwa wa Nje Wakati wa Janga

UVIKO-19 ilipothibitishwa Kenya tarehe 13 Machi 2020 na Tanzania siku tatu baadaye, hospitali nyingi za ukanda huu zilianza kujilinda getini. Pakawekwa ndoo ya maji tiririka na sabuni, kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso, na mlinzi wa kuhimiza barakoa. Vyote hivyo vilikuwa na kazi yake. Lakini aliyeruhusiwa kupita alikwenda kuketi kwenye benchi lilelile la siku zote, bega kwa bega na waliomtangulia, akisubiri faili, kisha daktari, kisha maabara, kisha daktari tena kwa ajili ya majibu, na mwisho dirisha la dawa. Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa ugonjwa unaoenea kwa hewa, hatari kubwa ya kliniki ya nje imo katika saa hizo za kusubiri. Ratiba ya miadi, ambayo kwa kawaida huachiwa karani wa mapokezi, ni kinga inayostahili kupangwa kabla ya kipimajoto kununuliwa.

Kipimajoto kina udhaifu usioondoka hata kikiwa cha bei ghali. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba asilimia 44 hivi ya maambukizi ya UVIKO-19 yalitoka kwa watu ambao dalili zao zilikuwa hazijaanza, na mtu wa namna hiyo hana homa ya kupimwa. Mwenye homa naye, akimeza paracetamol alfajiri ili aimudu safari, hupita bila kuulizwa. Mfano mzito zaidi ni wa Korea Kusini, iliyopatwa na MERS, ugonjwa mwingine wa virusi vya korona, mwaka 2015: wagonjwa 186 walithibitishwa, 38 wakafariki, na sehemu kubwa ya maambukizi ilitokea ndani ya hospitali. Mgonjwa mmoja aliyekaa siku kadhaa katika idara ya dharura iliyofurika jijini Seoul aliambukiza watu takriban 80, wakiwemo wagonjwa wenzake, ndugu waliokuja kuuguza na wahudumu. Nchi ile haikupungukiwa vifaa wala wataalamu. Kilichomfanya mtu mmoja awafikie wengi kiasi hicho ni msongamano, pamoja na muda mrefu ambao watu walikaa mahali pamoja.

Shirika la Afya Duniani lilichelewa kukiri waziwazi kwamba virusi vya UVIKO-19 huenea kwa hewa, ilhali mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu upitishaji wa hewa ya asili hospitalini ulikuwa umeshatoa kipimo kinachofaa: lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Tukifanyie hesabu. Chumba cha kusubiri chenye urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 90. Lita 60 kwa sekunde ni mita za ujazo 216 kwa saa. Watu 10 basi wanahitaji 2,160, yaani hewa yote ya chumba ibadilike mara 24 kila saa. Hilo linawezekana. Mtafiti Escombe na wenzake walipima hospitali nane za Lima, Peru, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2007 vyumba vilivyofunguliwa milango na madirisha vilibadili hewa mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vyenye mitambo ya kupitisha hewa vilifikia mara 12. Majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha mapana, yalifika mara 40. Sasa tuwaketishe watu 30 katika chumba chetu: hitaji linapanda hadi mara 72, kiasi ambacho hata majengo yale ya zamani hayakukikaribia. Kufungua madirisha ni lazima, lakini faida yake hukomea pale idadi ya watu inapozidi. (Kiyoyozi cha ukutani, kinachohesabiwa siku hizi kuwa alama ya hospitali ya maana, huzungusha hewa ileile, na kwa ajili yake madirisha hufungwa.)

Kwa nini basi watu 30 wajazane asubuhi, na saa nane mchana mabenchi yawe matupu? Jibu rahisi ni kuwalaumu wagonjwa kwa kupenda kuwahi. Ukweli ni kwamba wanafuata kanuni ambazo hospitali yenyewe imeziweka. Kadi ya kliniki huandikwa tarehe ya kurudi bila saa. Faili hupangwa kwa kufuata aliyetangulia. Maabara huacha kupokea sampuli mapema. Katika kliniki ya kisukari kuna jambo la ziada: kipimo cha sukari kabla ya kula humlazimu mgonjwa aje na njaa, na hakuna atakayekubali kukaa na njaa hadi alasiri. Huyo apewe saa ya kwanza. Anayepimwa wastani wa sukari wa miezi mitatu hahitaji kufunga, anaweza kuja mchana. Aliyekuja kupimwa shinikizo la damu na kuchukua dawa hana sababu ya kusubiri pamoja nao. Na mgonjwa wa muda mrefu ambaye hali yake ni thabiti hana haja ya kuja kila mwezi: tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri wanaoishi na VVU wenye hali thabiti wapewe dawa za miezi mitatu hadi sita, na jaribio lililofanyika Malawi na Zambia lilionyesha kuwa waliopewa za miezi sita hawakuacha matibabu zaidi ya wale wa utaratibu wa kawaida. Anayehofia kwamba mgonjwa asiyeonekana mara kwa mara atapotea anapaswa kwanza kuujibu ushahidi huo.

Wapo watakaosema kwamba ikiwa kusubiri pamoja ni hatari, salama zaidi ni kufunga kliniki zisizo za dharura hadi janga lipite. Afrika Magharibi imeshatuonyesha gharama yake. Ebola ya 2014 hadi 2016 iliua watu zaidi ya 11,300. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba, kama huduma zilipungua kwa nusu nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone, malaria, VVU na kifua kikuu viliongeza vifo vipatavyo 10,600 juu ya vile vya Ebola. Ni makadirio ya kihesabu, si idadi ya makaburi yaliyohesabiwa, lakini takwimu za kifua kikuu za wakati wa UVIKO-19 zinaelekea upande uleule: wagonjwa wapya walioripotiwa duniani walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020, na vifo vikaongezeka. Bakteria hawakupungua, waliopungua ni watu waliofika kupimwa. Mjamzito, mtoto wa chanjo na mwenye kikohozi cha wiki tatu hawawezi kuhudumiwa kwa simu. Nafasi inayoachwa na wale wasiolazimika kuja ndiyo inayowapa hawa mahali pa kukaa kwa usalama.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu usafiri: nani atafika saa nne na nusu kamili kwa daladala, au kwa gari linalotoka kijijini mara moja kwa siku? Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana miadi ya dakika kwa dakika haifai. Yanatosha makundi ya saa mbilimbili, na wanaotoka mbali wapangiwe katikati ya siku. Anayechelewa ahudumiwe na kundi linalofuata bila kukemewa.

Stoo ya dawa nayo ina lake. India, msambazaji mkubwa wa dawa za bei nafuu, ilizuia usafirishaji wa baadhi ya dawa na malighafi zake Machi 2020, na hospitali ambayo ingegawa akiba ya miezi mitatu kwa wote kwa mpigo ingejikuta na rafu tupu. Mgao wa muda mrefu uanze mapema, janga likiwa halijafika, kliniki moja baada ya nyingine. Zamu ya mchana nayo ina gharama: mfamasia, mtu wa maabara na mpokea malipo lazima wawepo hadi kundi la mwisho limalize. Mgonjwa aliyepewa saa nane akakuta dirisha la dawa limefungwa, mara ijayo ataamka alfajiri, na atawashauri majirani zake wafanye hivyohivyo.