Idara ya Nairobi na Maskani ya Ziwani

Kisiwa cha Rusinga, kilicholala katika maji ya Ziwa Victoria mkabala wa mji wa Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, kimepata kutajwa ulimwenguni kwa mambo mawili: la kwanza ni fuvu la Proconsul, mnyama wa kale wa jamii ya nyani, ambalo Mary Leakey alilifukua huko mwaka 1948, na la pili ni kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa katika ardhi ya wazee wake, na juu yake pakajengwa kuba lenye umbo la risasi. Walakini iko hazina ya tatu, isiyotajwa sana kwa kuwa watu waliishi ndani yake kila siku: nayo ni maskani ya Waluo na Wasuba, pale kisiwani na katika bara yote inayokielekea, tangu bonde la Lambwe hadi Migori. Hazina hiyo ilichelewa mno kuhesabiwa kuwa elimu, na ili kufahamu kwa nini ilichelewa, yapasa tusafiri kidogo hadi Nairobi, katika idara ya usanifu majengo.

Chuo kilichoitwa Royal Technical College of East Africa kilipewa hati ya kifalme mwaka 1951, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na usanifu majengo ulikuwa miongoni mwa masomo yake ya awali. Mwaka 1961 kikawa Royal College, chenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Na ilipoundwa University of East Africa mwaka 1963, masomo yaliyohitaji gharama kubwa yaligawanywa baina ya nchi tatu, Makerere ikashika udaktari, Dar es Salaam sheria, na Nairobi uhandisi, utabibu wa wanyama na usanifu majengo. Hivyo kijana wa Kampala au wa Tanga aliyetamani kuwa msanifu hakuwa na mlango mwingine wa karibu ila ule wa Nairobi, na Makerere yenyewe haikuanzisha mafunzo hayo hadi mwaka 1989. Nafasi za elimu ya juu zilikuwa adimu kiasi hicho, na uadimu huo ndio uliomsukuma Mboya, mtu wa Rusinga, kuwatafutia vijana milango ya Marekani, ambako ndege ya kwanza, Septemba 1959, iliwachukua wanafunzi 81.

Talibu wa usanifu majengo hakuwa, wala leo si, mwanafunzi wa kukaa darasani akanakili kauli za mwalimu. Maskani yake ni studio, na katika miaka ya kabla ya kompyuta studio ilimaanisha ubao wa kuchorea ulioinamishwa, rula ya T, karatasi angavu, kalamu za wino za unene mbalimbali, na wembe wa kukwangulia mstari uliokosewa, kazi iliyohitaji mkono mtulivu kwani ukikwangua kwa pupa karatasi hutoboka na michoro ya juma zima ikaharibika. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi haukuwa na usingizi. Kulipokucha kila mmoja alibandika michoro yake ukutani, akasimama mbele ya walimu na wasanifu walioalikwa kutoka mjini, akaulizwa kwa nini mlango huu uko hapa na dirisha lile liko kule, na jua la alasiri litaingia wapi. Na asiyeweza kujibu kwa hoja hakuokolewa na uzuri wa wino wake. Mafunzo hayo, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa ya miaka sita, yalijenga udugu wa namna ya pekee, maana waliokesha pamoja hujuana kuliko waliosoma pamoja tu.

Lakini elimu hiyo nzuri ilikuwa na pengo. Historia ya majengo, kama ilivyofundishwa katika vyuo vilivyofuata mizani ya Uingereza, ilianzia Misri na Ugiriki, ikapitia Roma, ikakomea London. Na kijana aliyezaliwa katika nyumba ya udongo na nyasi kando ya ziwa hakuiona nyumba hiyo katika ukurasa wowote. Alijifunza kuzijua nguzo za Athens kwa majina yake, ilhali nguzo ya kati iliyoshika paa la mama yake haikuwa na mahali katika mtihani.

Kuziba pengo hilo kulianza taratibu, kwa jitihada za walimu wachache. Selby Mvusi, msanii mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefundisha Nairobi katika miaka ya 1960 hadi alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1967, alishikilia kwamba ubunifu wa Mwafrika uanze na maisha ya Waafrika wenyewe. David Etherton aliongoza uchunguzi wa makazi ya vibanda ya Mathare, jijini Nairobi, uliochapishwa mwaka 1971, wakati ambapo wakubwa wengi waliona vibanda vile ni vya kubomolewa tu. Usam Ghaidan, Mwiraki aliyekuwa mwalimu wa idara, aliuchunguza mji wa Lamu nyumba kwa nyumba, akatoa kitabu mwaka 1975. Na Kaj Blegvad Andersen akachapisha mwaka 1977 kitabu kikubwa juu ya ujenzi wa jadi na mpangilio wa makazi ya mashambani nchini Kenya. Mimi naihesabu miaka hiyo kuwa ndiyo kuzaliwa kwa idara kwa mara ya pili, kwani tangu hapo kipimo cha utepe kikashushwa kutoka ukutani pa studio, kikapelekwa vijijini.

Na yeyote atakayeipima dala, yaani ua wa makazi wa Kiluo, iwe Rusinga au Kadem kule Migori, atastaajabu kwa hekima iliyomo. Aingiaye kwa lango kuu, rangach, huiona mbele yake nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ikielekeana na lango. Ya nyachira, mke wa pili, huwa upande mmoja, na ya reru, mke wa tatu, upande wa pili. Zizi la ng'ombe hukaa ndani ya ua. Ghala ya nafaka, dero, huinuliwa juu ya ardhi ili unyevu na panya visiifikie. Na simba, nyumba za vijana wa kiume, husogea karibu na lango, kwa sababu wao ndio watakaotoka siku moja kwenda kuanzisha dala zao. Chora ramani ya ua huo kwenye karatasi, na utakuwa umechora hati ya nasaba: utajua nani alitangulia, nani alifuata, na nani anangoja zamu yake. Mgeni aonaye hapo vibanda vilivyotawanyika ovyo hajapima.

Ushahidi mkubwa zaidi u katika Thimlich Ohinga, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, ambako kuta za mawe zinazodhaniwa kuwa za karne ya 16 zingali zimesimama, kimo chake baina ya mita moja u nusu na mita nne u nusu, bila chokaa, bila saruji, bila udongo wa kuungia. Siri yake ni ya handasa safi: mawe ya nje na ya ndani hupangwa kama kuta mbili, na katikati hushindiliwa mawe madogo yanayozifunga pamoja, penye udhaifu huwekwa viegemeo, na malango hufanywa mafupi kwa makusudi, yakafunikwa kwa mawe mapana, ili adui aingiaye ainame na kujifichua. Maboma makubwa manne, Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, yalikaliwa na jamaa mbalimbali kwa zamu za vizazi, kila waliokuja wakitengeneza palipobomoka kwa ufundi uleule, na hili kwangu ni la ajabu kuliko urefu wa kuta zenyewe, kwani maarifa yaliyoweza kupokezwa kwa watu wasio wa ukoo mmoja hayana budi kuitwa taaluma. UNESCO iliiandika Thimlich katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Lamu, iliyopata wachoraji mapema, ilikwisha kuandikwa mwaka 2001.

Mawe huvumilia. Udongo, fito na nyasi havivumilii, na katika Rusinga ya leo mabati yamekwisha kushinda, wala simlaumu mwenye nyumba, maana bati halihitaji kuezekwa upya kila baada ya misimu michache, na nyasi nzuri za kuezekea zimekuwa shida kupatikana. Lakini chini ya bati lisilo na dari joto la mchana ni adhabu, na mvua inyeshapo hamsikilizani, mambo ambayo paa la nyasi lilikuwa limekwisha kuyatatua. Hapa ndipo penye kazi ya utafiti, kazi ya kupima joto na upepo, si kuta peke yake. Gharama ya kujenga bila kupima kwanza, watu wa Mbita wanaijua: tuta lililounganisha kisiwa na bara katika miaka ya 1980 liliziba mkondo wa maji, ghuba ikachafuka, hata ikalazimu kujengwa daraja ili ziwa lipate kupita.

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa idara ile ya Nairobi huandika tasnifu, na wengi huchagua kwao walikozaliwa, wakahoji wazee, wakapima ua, wakachora. Baada ya mtihani kazi hizo hukaa Nairobi, katika rafu zisizofikiwa na fundi wa Mbita wala na mzee aliyehojiwa. Ningependa nakala za zile zihusuzo Nyanza Kusini ziletwe Homa Bay na Migori, ziwekwe mahali ambapo afisa wa kaunti anayeidhinisha ramani za shule na zahanati ataweza kuzifungua kabla ya kutia sahihi.