Jagam na Historia ya Koo za Wajaluo

Katika Kijaluo ukoo huitwa dhoot, na maana ya asili ya neno hilo ni mlango wa nyumba. Msemaji wa Kiswahili hawezi kulistaajabia, kwani yeye naye husema kuwa fulani na fulani ni wa mlango mmoja, akimaanisha kuwa nasaba zao hukutana kwa babu mmoja. Wataalamu wa Kijaluo wenyewe wamefanya kazi kubwa ya kuihesabu milango hiyo. Mwaka 1953 Shadrack Malo alitoa kitabu cha koo za Nyanza ya Kati, na mwaka 1967 Bethwell Ogot akatoa historia yake ya Wajaluo wa kusini, aliyoijenga juu ya masimulizi ya wazee. Kazi hizo ni hazina, wala hapana mwanafunzi wa historia ya Afrika Mashariki anayeweza kuziruka. Lakini nasaba zinazosimuliwa na wazee ni nasaba za wanaume: baba, mwana, mjukuu, kitukuu. Mwanamke akitajwa, hutajwa kwa sababu nyumba yake ilitengana na nyumba ya mke mwenziwe ikawa ukoo wa peke yake. Namna alivyofika pale, na nani aliyemleta, husahauliwa.

Hata hivyo hapakuwa na ukoo wa Kijaluo ulioweza kuishi bila mwanamke wa kutoka nje. Kijana alikatazwa kuoa binti wa ukoo wake, na alikatazwa pia kuoa katika ukoo wa mama yake. Basi mke hakuwa na budi kutoka kwa watu wengine, na aghalabu watu hao walikuwa ndio wale wale waliogombana na ukoo wa kijana kwa ajili ya ardhi au ng'ombe. Baba aliyetaka kumwoza mwanawe alikuwa na maswali mazito ya kuuliza juu ya nyumba asiyoweza kuingia. Je, kuna ugonjwa unaorithiwa? Kuna mtu anayenong'onwa kuwa hutembea usiku kwa uchawi? Kuna damu iliyomwagika zamani baina ya koo mbili na haijatakaswa? Kuna bibi aliyesahauliwa anayewafanya vijana hao kuwa ndugu? Majibu ya maswali hayo yalitafutwa kwa jagam.

Jagam ni mshenga, lakini yafaa kumtenga na mshenga ajulikanaye pwani. Mshenga wa pwani ni mtu wa heshima ajuaye kusema; hupeleka posa na kurudisha jawabu, na kazi yake huanza hasa pale chaguo lilipokwisha kufanywa. Kazi ya jagam ilianza kabla ya chaguo. Mwanamume aliweza kuifanya, lakini mara nyingi jagam alikuwa mwanamke aliyeolewa katika boma la kijana au katika boma la jirani, na msichana aliyemtaja alikuwa wa kwao alikozaliwa: mdogo wake, au binti wa kaka yake, au mtoto wa jirani aliyemjua tangu utotoni.

Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Mke wa Kijaluo huitwa kwa jina la kwao. Huyu ni nyar Alego, yule ni nyar Gem, yule nyar Ugenya, yaani binti wa huko. Naye huitwa hivyo hata akizeeka, hata akimzika mumewe na kupata wajukuu ndani ya boma lile. Jina hilo humkumbusha kila siku kuwa yeye ni mgeni. Kwa upande mmoja ni udhaifu, kwa kuwa katika baraza la wazee hana sauti. Kwa upande mwingine ugeni huo ndio uliokuwa mtaji wa jagam. Yeye peke yake aliweza kwenda kwao wakati ambapo wanaume wa pande mbili walikuwa wakitazamana kwa mikuki, akalala katika nyumba ya mama yake, akasikia yasemwayo, kisha akarudi.

Tena alikuwa na haja yake mwenyewe. Boma la wake wengi lilikuwa na daraja zake: mikayi ndiye mke wa kwanza, nyachira wa pili, reru wa tatu, na kila mmoja na nyumba yake na mifugo aliyogawiwa. Mwanamke aliyeingia peke yake katika mpango huo alitamani mtu wa damu yake karibu. Kwa hiyo alimwita mdogo wake aolewe na shemeji, au hata na mumewe mwenyewe, akijua kuwa ndugu huyo atamtunzia watoto kama akifa. Hivyo arusi moja ilizaa nyingine. Mtu akiingia katika boma la zamani na kuuliza juu ya kila mke, alitoka wapi na nani aliyemleta, atapata picha ambayo nasaba ya baba na mwana haiwezi kumpa: ukoo gani ulikuwa na amani na upi, amani hiyo ilianza lini na kukatika lini, ng'ombe walielekea upande gani wakati wa njaa. Njia za jagam zilikuwa ndizo njia za ujirani.

Haimpasi mwandishi wa historia kumpamba. Jagam alishukiwa kuwa mtia chumvi. Alimsifu kijana mvivu kuwa ni mkulima, na boma la ng'ombe watatu akaliita zizi. Kizuizi cha ulimi wake kilikuwa makazi yake. Alikaa pale pale, na kila ugomvi wa wale aliowaunganisha ulimrudia yeye. Msichana akirudi kwao, ng'ombe wa mahari walidaiwa, na aliyeshuhudia ni ng'ombe gani waliotoka na wangapi walibaki deni alikuwa na la kujibu. Lililo zito zaidi ni hiari ya msichana. Katika desturi iliyoitwa meko, vijana wa upande wa bwana arusi walimvizia bibi arusi njiani wakamvuta kwa nguvu huku akilia. Baadhi ya waandishi husema kuwa kilio kile kilikuwa sehemu ya adabu. Huenda kwa wengine kilikuwa hivyo. Kwa mwingine kilikuwa kilio cha kweli, na jagam alikuwa miongoni mwa watu waliojua siku na njia atakayopita.

Mwaka 1985 David William Cohen aliandika juu ya pim, yule mwanamke mzee, mara nyingi mtu wa kutoka nje ya ukoo, aliyewalea watoto katika nyumba iitwayo siwindhe. Baadaye, mwaka 1989, yeye na E. S. Atieno Odhiambo waliendeleza fikira hiyo katika kitabu chao juu ya Siaya, wakaonyesha kuwa elimu ya mtoto wa Kijaluo juu ya ulimwengu ilitoka kwa wanawake wageni kama hao. Ni ajabu kidogo kwamba jagam hakupewa uzito kama huo. Pim na jagam ni mtu wa aina moja katika umri mbalimbali.

Kazi hii ilipungua pole pole. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na kodi ya nyumba ikawapeleka vijana Nairobi na Mombasa kutafuta fedha. Skuli za misheni zikawakutanisha wavulana na wasichana wa koo zilizokuwa mbali. Aliyekutana na mchumba kazini hakuhitaji kuambiwa sura yake. Alihitaji bado kuambiwa habari za kwao, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi ya jagam iliyobaki kwa shangazi na nyanya, bila cheo wala jina.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yataka ndoa ya kimila iandikishwe, na tamko la mume na mke litiwe sahihi na mashahidi wawili watu wazima, ambao kila mmoja alishika nafasi muhimu ya kimila katika arusi hiyo. Jagam hakutajwa kwa jina, lakini mahali pake papo, na asiyejua kuandika aweza kutia alama yake. Ikiwa karani, akipokea sahihi ya mwanamke, ataandika kando yake kuwa huyu ni nyar wapi, mtafiti wa miaka mia ijayo atakuta katika daftari kile ambacho hakimo katika nasaba za wazee.