Sun City: Kasino Iliyohitaji Nchi ya Uongo

Kutoka Johannesburg, ukielekea kaskazini-magharibi kwa gari, ni kama saa mbili hivi kufika Sun City. Utapata kasino, viwanja vya gofu, bwawa lenye mawimbi ya mashine, na jumba la kifalme ambalo halijawahi kuwa na mfalme. Watu huenda, wakapiga picha kibao, wakarudi. Lakini hebu jiulize: kasino kubwa hivyo ilijengwa porini kwa nini, na pesa zote ziko mjini?

Jibu ni mpaka. Mpaka ambao leo haupo.

Wakati wa apartheid, kasino zilikuwa haramu Afrika Kusini. Mapenzi kati ya mweupe na mweusi pia yalikuwa kosa la jinai. Serikali hiyohiyo ilikuwa na mradi mwingine: kuwavua Waafrika uraia kwa kuwatengea vipande vya ardhi na kuviita nchi huru. Desemba 1977 ikatangazwa moja, Bophuthatswana, rais wake Lucas Mangope. Kwenye ramani ilikuwa vipandevipande, kama sahani iliyoanguka. Ukiondoa Afrika Kusini yenyewe na bantustan wenzake, hakuna serikali iliyoitambua.

Sol Kerzner, tajiri wa mahoteli, aliona mwanya. Kama hii ni nchi huru, si sheria za Pretoria zinaishia mpakani? Mwishoni mwa 1979 Sun City ikafunguliwa. Basi ikawa hivi: mzungu ambaye mjini hakutaka kukaa benchi moja na Mwafrika, wikendi alivuka mpaka, akacheza ruleti kando ya huyo Mwafrika, akatazama densi ambazo kwao zingepigwa marufuku, halafu Jumapili akarudi nyumbani kwa ubaguzi wake. Dhambi ilikuwa imepewa nchi yake.

Desemba 1980 Umoja wa Mataifa uliwataka wasanii waisusie Afrika Kusini. Frank Sinatra alitumbuiza Sun City 1981. Queen wakaenda 1984. Utetezi ulikuwa mwepesi: hapa si Afrika Kusini, na ukumbini kila rangi inaingia. Hiyo ya ukumbi ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoufanya uongo ule uuzike. Kila staa aliyepanda jukwaani alisaidia kuonyesha kwamba Bophuthatswana ni nchi kweli. Na kama ni nchi kweli, basi Mtswana aliyezaliwa Soweto, ambaye hajawahi hata kuikanyaga, ni mgeni Johannesburg.

Mwaka 1985 Steven Van Zandt, aliyekuwa mpiga gitaa wa Bruce Springsteen, aliwakusanya Miles Davis, Bob Dylan, Jimmy Cliff, Run-DMC na wengine wengi. Wakatoa wimbo wenye jina la hoteli yenyewe, wakiapa hawatapiga muziki huko. Jina lililouza raha likageuka aibu.

Desemba 1992 likafunguliwa lile jumba, Palace of the Lost City. Hadithi yake ni ya kubuni: ati kulikuwa na ustaarabu wa kale ulioangamizwa na tetemeko. Kuna hata daraja linalotikiswa ili mgeni aonje hilo tetemeko. Hapo jirani kuna mbuga ya Pilanesberg, iliyoanzishwa 1979, ambapo baadhi ya Wabakgatla walihamishwa kupisha wanyama. Yaani makao yaliyopotea kwelikweli yalikuwa mlangoni, lakini wageni wakauziwa yale ya kutunga.

Machi 1994 Mangope alikataa watu wake wasishiriki uchaguzi wa kwanza huru. Wafanyakazi wa serikali wakagoma, mambo yakamwakia, akaondolewa. Mwezi uliofuata Bophuthatswana ikafutika. Hoteli ikabaki. Miaka michache baadaye kasino zikaruhusiwa kote nchini, na mpaka uliokuwa mtaji wa Sun City ukawa hauna kazi.

Sisemi usiende. Kuna watu wanaolisha familia kwa kutandika vitanda pale, na historia hii si kosa lao. Ila ukienda, mlango mkubwa wa kuingilia usiupite tu hivihivi. Zamani hapo ndipo raha ilipoanzia kwa wengine, huku mamilioni wakiambiwa kwao si kwao.