Programu fiche kwenye CD za muziki ilivyohatarisha kompyuta

MNAMO Oktoba 31, 2005, mtaalamu wa kompyuta nchini Marekani, Mark Russinovich, alifichua jambo lililowashtua wapenzi wa muziki. Alipokuwa akiikagua kompyuta yake, aligundua programu iliyojificha humo bila yeye kujua. Alipofuatilia chanzo chake, alifika kwenye CD ya muziki aliyokuwa ameinunua kihalali.

CD hiyo ilitolewa na kampuni ya Sony BMG. Programu yenyewe, XCP, iliundwa na kampuni ya Uingereza, First 4 Internet, ili kuwazuia wanunuzi kunakili nyimbo ovyo. Ilijipachika kwenye kompyuta zinazotumia Windows, na mkataba aliotakiwa kuukubali mnunuzi haukutaja kwamba ingejificha.

Hatari ilitokana na jinsi ilivyojificha. XCP ilificha kila faili ambayo jina lake lilianza na alama $sys$, hata kama si yake. Kwa hivyo, mhalifu alihitaji tu kuipa faili yake jina kama hilo ili asionekane na programu nyingi za kukabiliana na virusi. Haikuchukua muda, mwezi Novemba mwaka huo, virusi vilivyotumia maficho hayo vilianza kusambazwa kwa barua pepe. Mlinzi aliyeletwa kulinda mali ya tajiri alikuwa amemwachia mwizi mlango wazi katika nyumba ya mteja.

Kuiondoa nako kulikuwa na balaa lake. Aliyefuta faili hizo mwenyewe aliweza kupata kompyuta yake haisomi CD tena. Nayo programu ya kwanza ya kuiondoa kupitia intaneti iliacha mwanya mwingine wa kushambuliwa.

Katikati ya Novemba 2005, Sony BMG iliagiza CD hizo ziondolewe madukani. Albamu 52 zilihusika, na zaidi ya nakala milioni mbili zilikuwa zimeuzwa. Jimbo la Texas liliishtaki kampuni hiyo. Januari 2007, Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano nayo kwamba wateja ambao kompyuta zao ziliharibika walipwe hadi dola 150.

Kisa hicho kinafunza kwamba bidhaa halali pia yaweza kuleta hatari. Mwenye kompyuta ana haki ya kujua kinachowekwa ndani yake, na uwezo wa kukiondoa akitaka.