Bampa na Anayelipa

Anayeingia duka la spea Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, kutafuta bampa la gari lake huulizwa mambo mawili: gari ni la mwaka gani, na kama anataka la mtumba kutoka Japani au jipya la kuiga. Bei ikikubalika, bampa linafungwa juu ya buti ya teksi na safari ya kwa fundi rangi inaanza. Bampa hilo lilitengenezwa kumlinda nani? Hilo muuzaji haulizi, na mnunuzi naye hana habari nalo. Jibu lake liko katika historia, maana bampa halikufikia umbo lake la leo kwa ufundi peke yake. Limesukumwa huku na huko na ugomvi wa zaidi ya nusu karne juu ya nani abebe hasara ya mgongano mdogo: mwenye gari, kampuni ya bima, kiwanda, au mtu anayevuka barabara kwa miguu.

Mwanzoni hakukuwa na ugomvi wowote. Gari la Präsident, lililoundwa mwaka 1897 na kiwanda cha Nesselsdorf huko Moravia (kiwanda ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Tatra), hutajwa mara nyingi kuwa la kwanza kuwa na bampa. Kwa miongo mingi baadaye bampa lilibaki bapa la chuma mbele na nyuma, zuri la kusukumana kidogo tu. Ilipofika miaka ya 1950 Wamarekani walikuwa wameligeuza kuwa kito. Cadillac ilivalishwa vichuguu viwili vya kromu vilivyochomoza mbele, watu wakavipa jina la Dagmar, mwigizaji wa televisheni wa wakati huo, kwa sababu ambayo anayeona picha zake hahitaji kuelezwa. Kromu iling'aa, lakini ilikuwa imefungwa karibu mno na bodi, na kila gari lilikuwa na kimo chake. Magari mawili yakigusana, bampa la moja lilipita juu au chini ya la pili na kula taa, grili na boneti.

Waliochoka kulipa ndio walioanza kelele. Mwaka 1969 taasisi ya utafiti inayogharimiwa na kampuni za bima za Marekani, IIHS, ilianza kuyagongesha magari mapya kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kilomita 8, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Hasara iliyoonekana haikulingana kabisa na udogo wa pigo, na matokeo yakafikishwa mbele ya Bunge la nchi hiyo. Kuanzia magari ya mwaka 1973 serikali ikaamuru bampa la mbele lihimili pigo la maili 5 kwa saa na la nyuma maili 2.5, bila kuharibu taa wala mfumo wa mafuta. Mwaka uliofuata la nyuma nalo likapandishwa, na kipimo kikaongezwa pendulo linalopiga kati ya inchi 16 na 20 kutoka ardhini, ili mabampa yakutane. Hapo sheria ilikuwa bado inajieleza kwa lugha ya usalama. Sheria nyingine, iliyopitishwa mwaka 1972, ndiyo iliyosema wazi kwamba suala ni gharama ya mwananchi, na kutokana nayo kipimo kilizidi kukazwa hadi kufikia kilele chake katika magari ya 1980 hadi 1982.

Viwanda vililipokea agizo hilo kwa mikono miwili na uso uliokunjamana. Corvette ya mwaka 1973 inaonyesha vizuri hali ilivyokuwa: mbele ina pua laini ya yurethani yenye rangi ya bodi, nyuma bado ina vipande vyake vya kromu, kwa sababu masharti ya nyuma yalikuwa mepesi mwaka ule. Gari moja, nyakati mbili. Waingereza waliteseka zaidi. MGB, gari dogo la michezo lililotegemea sana soko la Marekani, mwaka 1974 lilivishwa bampa zito jeusi lililofunika chuma, na likanyanyuliwa inchi 1 ili taa zake zifikie kimo kinachotakiwa na Wamarekani. Kitako kilipopanda, gari likaanza kuyumba kwenye kona. Hadi leo yako maduka Uingereza yanayouza seti kamili za kulirudisha gari hilo kwenye kromu, na mwenye gari makini hashughulikii bampa tu; hurekebisha springi, shokapu na zile raba ndogo zinazozuia ekseli isigonge chasisi gari likizama shimoni. Raba hizo nazo ni bampa, ila zimejificha. Gari likishushwa bila kuzibadilisha, kila tuta linakuwa pigo.

Mwaka 1982 serikali ya Reagan iliirudisha kanuni kwenye maili 2.5. Hoja yake ilikuwa kwamba uzito wa mabampa yale ulimlipisha mnunuzi bei kubwa zaidi na mafuta mengi zaidi kuliko alichookoa kwenye matengenezo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, chuma kizito kinakula petroli kila siku huku ajali ndogo ikija mara moja kwa miaka kadhaa. Lakini mizani yenyewe ilipima mfuko wa jumla, haikutazama nani anachomoa pesa. Tangu hapo mwenye gari aliyegongwa kwenye maegesho ndiye aliyerudishiwa sehemu ya bili. Kuna tundu jingine ambalo halijazibwa hata leo: kanuni hiyo inahusu magari madogo ya abiria tu, pikapu na magari ya aina ya Prado hayamo.

Wakati huohuo plastiki ilikuwa imeshaingia. Renault 5 ya mwaka 1972 ilitoka kiwandani na mabampa ya plastiki, yaliyofaa kwa mitaa ya Paris ambako kuegesha ni kusukumana. Hapa ndipo lalamiko la mafundi wetu linapozaliwa: zamani bampa lilikuwa chuma, siku hizi ni beseni. Ukweli ni kwamba kinachoonekana nje siku hizi ni ganda. Nyuma ya ganda kuna povu gumu, na nyuma ya povu kuna boriti ya chuma au alumini iliyofungwa kwenye chasisi kwa vipande vilivyokusudiwa kujikunja. Bampa la chuma la zamani lililobaki zima baada ya ajali lilikuwa limepitisha pigo lote nyuma, likapinda kitu kingine. Anayesema plastiki ni ujanja wa kuuza spea ana nusu ya haki, hasa sasa ambapo sensa na rada zimejazwa humo ndani na mkwaruzo mmoja unaweza kugharimu mamia ya dola. Hata hivyo kuna mnufaika mpya ambaye chuma hakikumjali. Umoja wa Ulaya mwaka 2003 ulitoa agizo kwamba sehemu ya mbele ya gari ipimwe kwa jinsi inavyougonga mguu na kichwa cha mtu, na mwaka 2005 ukawekea masharti makali ngao za chuma zinazofungwa mbele ya magari.

Ugomvi ulihamia pia kwenye spea zenyewe. Kampuni za bima Marekani zilipenda makopi ya bei nafuu, mengi yakitengenezwa Taiwan, na mwaka 1987 kikaanzishwa chombo cha kuyathibitisha, CAPA. Mwaka 1999 mahakama ya Illinois iliiamuru State Farm ilipe zaidi ya dola bilioni 1 kwa kuwafungia wateja wake spea zisizo za kiwanda asilia. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaifuta hukumu hiyo. Kwa hiyo hata mahakamani haikuthibitika kwamba kopi ni mbovu kwa kuwa ni kopi tu.

Kwetu bima ya lazima inamlinda mtu wa tatu, haitengenezi gari la aliyeikata. Mwenye gari ndiye anayelipa, na ndiyo maana biashara ya nosi-kati, vichwa vya magari vilivyokatwa Japani na kusafirishwa vizima, imestawi hivi katika nchi zinazoendesha upande uleule wa barabara. Nosi-kati ina sifa moja ambayo bei haiisemi: mara nyingi ganda, povu na boriti huja pamoja. Ganda tupu la kopi huwa jepesi, lina klipu zisizokaa sawa, na likipigwa rangi linapendeza. Kuna pia njia ya tatu, kushona: fundi huchoma matundu kandokando ya ufa kwa bisibisi iliyopashwa moto, akapitisha waya, akalainisha juu. Kwa ganda, ushonaji huo hauna ubaya mkubwa, kwani ganda si kibeba pigo. Ubaya ni povu lililovunjika kutupwa jalalani na nafasi yake kubaki wazi.

Wenye pesa wamechagua ngao. Utetezi wao unaeleweka: ng'ombe barabarani usiku, bodaboda inayojipenyeza, matatu isiyo na adabu. Dhidi ya ng'ombe ngao inasaidia kweli. Lakini imefungwa moja kwa moja kwenye chasisi, haina povu, na kimo chake ni kifua cha mtoto. Nchini Kenya watembea kwa miguu ni zaidi ya theluthi moja ya wanaokufa barabarani, na hao ndio ambao agizo la Ulaya la 2005 lilikuwa likiwafikiria. Bili ambayo bima na viwanda vilirushiana tangu 1969 imehamishiwa kwao, na hawakuwahi kuingia duka la spea.